Kuhusu Jeneza la Msikiti wa Tizgi

Jeneza la msikiti halikuibwa. Ufunguo wa chumba lilimowekwa, mume wangu, marehemu Idder Ayt Bassu, alipewa na imamu mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Nalisema hili kwanza kwa sababu kwenye soko la Jumapili bado wapo wanaosimulia kwamba Idder aliiba jeneza akamzushia mama yake kifo. Nilifundisha shule ya kijiji hiki miaka thelathini na mmoja. Wanaosimulia hayo wengi wao niliwafundisha mimi, na hata wakati huo walikuwa hawasikilizi hadi mwisho.

Idder alikuwa msimamizi wa zamu za maji. Kazi yake ilikuwa kujua shamba la nani lifunguliwe mfereji na saa ngapi, na kutukanwa na anayefunguliwa na anayefungiwa. Hakuwa mtu wa maneno. Mwaka ambao mto ulichukua daraja, mzee mmoja wa mtaa wa chini alibaki kitandani kwa sababu wanawe hawakuweza kumpandisha mgongoni kwenye ngazi za mawe. Idder ndiye aliyempata, siku ya tatu, katika shamba la mahindi ambalo siku hiyo lilikuwa na zamu.

Tangu hapo akawa anazunguka nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ya mtaa wa chini ikapewa nyumba ya mtaa wa juu ya kukimbilia. Wachungaji walioko malishoni wangepiga simu wakiona mto umebadilika rangi, na hapo ngoma ya arusi ingepigwa. Wasioweza kutembea wangebebwa kwa jeneza la msikiti, lile lisilo na kifuniko, kwa kuwa ndicho kitu pekee kijijini kilichotengenezwa ili watu wanne wambebe mtu kwenye ngazi zile bila kumwangusha.

Zoezi la kwanza, ngoma ilipigwa na wanawake wa mtaa wa chini wakatoka na wanja machoni, wakiuliza bibi arusi ni binti wa nani. La pili lilikwama kwenye jeneza. Hakuna mzee aliyekubali kulazwa humo akiwa hai, isipokuwa mama mkwe wangu, Lalla Ijja, aliyekuwa amevunjika nyonga.

"Nipandisheni mimi," alisema. "Nimebebwa na punda miaka sabini, mbao hazitanishinda."

Alipandishwa ameketi wima, akiwapungia watu mkono. Wengi waligeuza nyuso, maana hawakujua la kufanya. Kwetu jeneza likipita, mwanamume huacha alichoshika akalifuata, hata kama hamjui aliyemo. Wanawake hawafuati jeneza. Humfuata mfiwa, na hawaendi mikono mitupu. Hakuna desturi ya jeneza linalosalimia.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, mchungaji alipiga simu. Mto kule juu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa na unasukuma miti mizima. Ngoma ikapigwa. Watu wakatoka, wakaona anga jeupe, wakarudi ndani. Tini zilikuwa zimeanikwa mapaani. Jirani yetu Hdidu alisimama mlangoni, wajukuu watano nyuma yake.

"Idder, mwanangu, mto huu nimeujua kabla hujaota meno. Ukitaka kuja utanipigia hodi."

"Hautapiga hodi, mzee wangu. Toa watoto."

"Toa wa kwako."

Hatukujaliwa watoto, na Hdidu alijua.

Idder alirudi nyumbani akaniambia tuna nusu saa, na kwamba hakuna mlango hata mmoja uliosikia. Mama yake alikuwa akisikiliza. Safari hii alitaka alazwe, si kuketishwa, kwa kuwa nyonga ilimuuma. Alifunikwa shuka jeupe kwa sababu ya jua. Jua lilikuwa kali. Ndilo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilinyooshea kidole ukikataa kutoka.

Wabebaji wanne wakatoka, Idder mbele. Hakulia, hakusema neno, hakumwambia mtu yeyote kwamba mama amekufa. Ngazi hupita mbele ya kila mlango wa mtaa wa chini, nazo zilijengwa na mababu, si yeye. Hdidu alikuwa wa kwanza kuweka kapu chini. Aliingia chini ya mbao, akapokea bega, akaanza kuomba dua. Wanaume wote wakafuata.

Mimi nilipanda kwa njia ya pembeni. Sikulia. Ajitokeze aliyenisikia nikilia. Wanawake walinifuata kwa hiari yao, watoto migongoni, mikate na sukari mikononi.

Jeneza lilipowekwa mtaa wa juu, kwenye uga wa kupuria shayiri, Lalla Ijja alifunua shuka, akaketi, akatazama umati.

"Mmetimia. Tini kaachiwa nani?"

Hdidu aliruka nyuma. "Ijja, we mwanamke, nimekuombea rehema ngazi tisini!"

"Ziache hapo hapo. Nitazihitaji."

 Hapo mto ukaingia mtaa wa chini na ukuta wa matope na magogo, ukachukua nyumba kumi na saba, yetu ikiwa ya tatu. Alikufa nyumbu mmoja wa mizigo, wa Hdidu, ambaye hakuwa ameliona jeneza. Mikate ya rambirambi ilitulisha hadi kesho yake.

Baraza la kijiji lilimtia Idder hatiani kwa kuchezea jeneza, akahukumiwa kulisha kijiji. Alichinja kondoo wawili, hakubisha. Hdidu alikula sana. Baada ya kunawa, baraza hilo hilo liliamua zichongwe machela mbili, na kila nyumba itoe mtu wa mazoezi kabla ya mvua. Ngoma akakabidhiwa Hdidu. Leo vijiji vinne vya chini yetu vinafanya hivyo.

Lalla Ijja aliishi miaka tisa zaidi. Siku alipofariki kweli, jeneza lilipotoka, mtaa wa chini wote ulipanda ugani na watoto na mbuzi, ukangoja. Ilibidi tutume mtu akawaite makaburini.

Sasa wanauliza nani alimfunika uso siku ile ya mto, kwa kuwa aliye hai hafunikwi uso. Mume wangu alikuwa ameshika mbao za mbele kwa mikono yote miwili, na watu zaidi ya mia walimwona. Zaidi ya hapo sisemi.