Wimbo wa Kipofu Kule Kabras

Muhula uliopita niliingia darasani na spika ndogo, nikawachezea wanafunzi wa kidato cha tatu kipande cha piano. Ninafundisha muziki katika shule moja ya upili hapa mjini Kakamega, na darasa langu ni dogo, maana wengi huchagua biashara au kilimo. Kipande chenyewe huanza na noti mbili zinazopokezana kama mtu anayesitasita mlangoni, hajui aingie au arudi. Hakikufika mbali kabla ya mkono kuinuka.

"Madam, hiyo naijua. Ni ya lori ikirudi nyuma."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, kwa sababu ni kweli. Malori yanayoleta soda na mikate mjini hupiga wimbo huo yakirudi nyuma, ili watu wajiondoe njiani. Nikauliza ni nani aliyeutunga. Mmoja akasema ni wenye malori. Mwingine akasema ni Wachina. Msichana mmoja wa karibu na dirisha, ambaye hajibu kitu mpaka akifikirie, akasema haukutungwa na mtu, ni mlio tu.

Niliandika jina la mtunzi ubaoni. Nikawaambia alikuwa Mjerumani, kwamba masikio yalianza kumkataa akiwa bado kijana, na kwamba kazi zake kubwa kuliko zote alizitunga akiwa hasikii kitu. Hapo walinyamaza. Nikadhani nimewapata. Kisha kengele ikalia, wakakimbilia chakula, na mimi nikabaki na chaki mkononi, nikitamani sana kumwambia baba habari ya lori.

Angeicheka hiyo mpaka akohoe.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kabras, upande wa Malava, na jioni alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Nyumba yetu ilizungukwa na miwa, hivi kwamba ikikomaa hatukuwa tukiona barabara, tulisikia trekta tu. Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi cha muziki wa Ulaya redioni. Ndugu zangu walikwenda kucheza mpira, mama alikaa mlangoni akichambua mboga, na baba aliiweka redio juu ya meza, akaondoa kitambaa kilichoifunika, akaniita.

Majina ya watunzi wa muziki huo yalikuwa yakimsumbua ulimini, na kwangu mimi mtoto hayakukaa kabisa. Kwa hiyo aliwapa majina yetu wenyewe, kama mtu anavyowaita majirani. Huyu wa lori alikuwa Kiziwi. Kulikuwa na mwingine, mpiga kinanda wa kanisa, aliyezaa watoto wengi kuliko mtu yeyote tuliyemjua Kabras. Huyo alikuwa Baba Watoto. Kulikuwa na Kijana, aliyeanza kutunga akiwa mtoto na akafa kabla ya kuzeeka. Na kulikuwa na Kipofu, Mjerumani aliyekwenda kuishi kwa Waingereza, akawatungia nyimbo kubwa za kwaya, akaishia kupoteza macho. Bado nawaita hivyo kichwani mwangu, ingawa majina yao ya kweli nayafundisha kila muhula.

"Sikia," baba alikuwa akisema, kidole juu. "Huyo nani?"

"Kijana."

"Umejuaje?"

"Anakimbia."

"Ee. Anakimbia, na bado anacheka. Mwingine akikimbia hukunja uso."

Sijui aliyatoa wapi maneno kama hayo. Chuo cha ualimu kilimpa nota za do-re-mi na kinanda cha kukanyaga, mengine aliyapata kwa kusikiliza. Nilifikiri kila nyumba ilikuwa na watu hao wanne. Nilipokwenda shule ya bweni nikamwuliza mwenzangu wa kitanda cha juu kama kwao wanampenda zaidi Kijana au Kiziwi, akaniuliza ni wa ukoo gani.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tangu hapo simu yangu imejaa muziki ambao yeye angetoa shati lake la Jumapili kuusikia mara moja tu. Nausikiliza jikoni, nausikiliza nikisahihisha mitihani. Lakini nausikiliza peke yangu. Siku moja nilikuwa nikivuma kipande cha Baba Watoto katika chumba cha walimu, na mwenzangu wa hesabu, mtu mwema sana, akaniuliza ni wimbo wa kanisa gani mpya. Nilimwambia. Akatikisa kichwa kwa adabu, akarudi kwenye vitabu vyake. Sikuwa nataka ajue jina. Nilitaka mtu ainue kidole tu.

Likizo ya Agosti tukapata habari kwamba mama mmoja wa Kabras, aliyeimba soprano katika kwaya ya baba tangu ujana wake, ameaga. Mama yangu magoti yanamsumbua, hakuweza kwenda. Akanituma mimi.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mahema yalijaa, watu wengine wakakaa kwenye ukingo wa shamba la miwa. Baada ya hotuba, kikundi cha wazee kikasimama kando ya jeneza. Niliwatambua mmoja mmoja: hawa walikuwa wale wale waliokuwa wakija kwetu kwa mazoezi, ila sasa wamepungua, na nywele zao ni nyeupe. Mzee mmoja wa besi akatoa sauti ya kuanzia, akavumia kila upande noti yake, na wakaimba.

Ulikuwa ule wimbo mkuu wa Kipofu, ule ambao ukianza watu husimama. Waliuimba kwa Kiswahili, kwa maneno aliyoyatafsiri baba. Na watu wote chini ya mahema wakasimama, hata watoto, bila kuambiwa. Mimi nikajikuta nikiimba alto mahali pangu. Sikuwa nimeimba sauti hiyo tangu nilipokuwa msichana, na haikuwa imeniacha.

Katikati ya wimbo huo kuna mahali ambapo soprano hushika noti moja juu, wanaishika kwa muda mrefu, huku sauti nyingine zikipanda chini yao. Nimeusikia wimbo huo kutoka kwaya za Ulaya mara nyingi kwenye simu, na zote huishika noti ile mpaka mwisho. Wazee wa Kabras hawakufanya hivyo. Walipofika katikati ya ile noti, sauti zote nne, soprano, alto, sauti ya tatu na besi, walinyamaza. Wakavuta pumzi pamoja. Halafu wakaendelea.

 Nilikuwa nimepasahau mahali hapo. Wao walipopumua, mimi nami nilipumua kabla sijafikiri, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na niliona mkono wa baba ukifumba hewani, ukingoja, ukifunguka.

Baadaye tuligawiwa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, nikatafuta nafasi karibu na yule mzee wa besi. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Mtoto wa mwalimu," akasema. "Umesikia tumeimba wimbo wa baba yako."

"Nimesikia, mzee. Mmeimba vizuri mno. Ila si wa baba."

"Si wa baba namna gani?"

Nikamtajia mtunzi kwa jina lake kamili. Aliniangalia, akaacha kutafuna.

"Huyo alikuwa wa kanisa gani?"

"Hakuwa wa huku. Ni Mjerumani wa zamani sana, aliishi Uingereza. Wimbo huu unajulikana dunia nzima."

"Na sisi tumeuimbanga hapa miaka yote hiyo, na hakuna mtu ametuambia."

"Baba alikuwa akimwita Kipofu. Mwishoni macho yalimwisha."

"Yalimwisha?" Mzee akaweka kipande cha kuku chini. "Pole yake. Mtu ametunga kitu kama hiki, halafu hawezi kuona watu wakisimama." Akafikiri. "Aliwahi kufika Kabras?"

"Hapana."

"Basi ulitufikiaje?"

"Baba aliuleta."

"Si ndiyo nasema," akanijibu, akarudi kwenye chakula chake, kama mtu aliyeshinda kesi.

 Mwalimu ndani yangu alitaka kubishana, na mtoto wa mwalimu alitaka mzee aseme tena, wimbo wa baba yako, aseme mbele ya watu. Nikamwomba maji ya kunawa.

Nilipita kwa mama kabla ya kurudi mjini. Nilimkuta kwenye kiti chake barazani, akataka kujua nani alikuja, nani alilia, chakula kilitosha. Nikamweleza yote. Kisha nikamwambia wameimba wimbo wa Kipofu.

"Waliweza?" akauliza. "Kwa sauti gani iliyobaki?"

Jambo lilinigonga hapo. Sikuwa nimemweleza Kipofu ni nani. Hakuniuliza ni wa ukoo gani. Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni Jumapili zote zile, nikidhani hasikilizi.

"Mama, unamkumbuka Kipofu?"

"Nitamsahauje? Aliniua na ile noti yake."

"Ipi?"

"Ile ya juu. Mimi si nilikuwa soprano? Tulikuwa tunajiandaa kwa Pasaka, na mimi nilikuwa na wewe tumboni, mkubwa hivi. Umejaa mpaka kwenye mbavu. Nikifika pale, pumzi inakatika. Nikamwambia baba yako aniondoe, waimbe wengine. Akakataa. Akafikiria kama siku mbili, halafu akawaambia kwaya nzima, hapa sote tutapumua."

"Wote?"

"Wote. Alisema akinipumzisha peke yangu watu watajua ni mimi. Wakipumua wote, itakuwa ni wimbo." Alicheka kidogo, akapangusa uso kwa kona ya leso. "Ukazaliwa, Pasaka ikapita, nikamwambia sasa naweza kuishika. Akasema hapana, wameshazoea."

 Ng'ombe wa jirani alilia, akanyamaza. Nikatoa simu, nikautafuta wimbo kwa kwaya moja ya Ulaya, nikaiweka simu mapajani mwake na kuongeza sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Walipofika kwenye noti ile ya juu, kifua chake kilipanda, akangoja. Wale Wazungu hawakungoja. Waliishika mpaka mwisho.

"Hawa wana pumzi," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini wana haraka. Baba yako hakuwa na haraka."

Akaniuliza kama Kijana naye yumo ndani ya simu. Nikamwambia yumo, wote wamo. Akasema niweke. Tulisikiliza mpaka betri ikaanza kulalamika, mama akitaja jina kabla yangu, mara mbili akakosea kati ya Kiziwi na Baba Watoto, na mara moja akanishinda kabisa. Aliposhinda hakuniangalia mimi. Aliangalia kile kiti kingine cha barazani, ambacho hakikaliwi na mtu, akaondoa macho haraka.

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hii hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa akisikiliza nasi.

"Ilikuwa saa yenu," akasema. "Nilipenda kuwasikia ninyi."

Sasa Jumamosi nikiwa na nafasi napanda matatu hadi Malava, kisha boda boda mpaka kanisani Kabras, kuimba alto na wale wazee. Wameniomba niwafundishe nyimbo nyingine za Kipofu. Jina lake la kweli walijaribu kulitamka wiki mbili, l na r zikabadilishana viti, wakacheka, wakaliacha. Kipofu wamelikubali mara moja. Wanafunzi wangu mjini nao, sijui. Wanajua nyimbo bila watu, na nadhani dunia nzima iko hivyo sasa; wimbo umefika kwenye lori na kwenye simu, lakini mwenyewe amebaki njiani. Zamani hilo lilikuwa likinichoma. Siku hizi linachoma kidogo, na kinachobaki nikilichunguza naona si huzuni ya wale watunzi, wao wana watu wa kuwakumbuka. Ni hamu ya alasiri ya Jumapili tu, na mtu mmoja.

Jumamosi iliyopita mvua ilitukuta katikati ya mazoezi. Ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba tulionana midomo ikienda bila kusikia kitu, tukaacha, tukakaa kwenye mabenchi kungoja. Yule mzee wa besi akasogea karibu na sikio langu.

"Huyo mwingine unayemwita Kijana," akasema kwa sauti ya juu. "Alikufa na umri gani?"

Nikamwambia hakufika hata arobaini.

"Mdogo hivyo," akasema, akatikisa kichwa, kisha akauliza, "Na aliacha mke?"

Nikasogeza benchi, nikaanza kumweleza.