Akimana Agoma Kupulizia Maji

Kwa miaka minne Akimana alipulizia dawa ya kuua magugu kando ya kijito huko Cato Manor, Durban, bomba zito mgongoni. Kabla vita havijamfukuza kwao Uvira, alikuwa mfanyakazi wa mradi wa malaria. Alichota maji ya madimbwi kwa upawa na kuhesabu viluwiluwi vya mbu. Hata leo hawezi kupita dimbwi bila kuinama.

Februari mwaka huu aliinama, akashangaa. Katika dimbwi walilopulizia yeye na wenzake, majani yote yalikuwa yamekauka, lakini viluwiluwi vilikuwa hai, vidogo vilevile, kana kwamba vimesahau kukua. Katika dimbwi la juu, lisiloguswa na dawa, mbu walikuwa wameshakomaa na kuruka.

Alimuuliza Sia, mwanafunzi Mtanzania anayepanga naye flati mtaa wa Albert Park, ambaye chuoni hufuga mbu wa utafiti.

"Hata maabarani tunaona hivyo, mama," Sia alisema. "Wakilelewa kwenye maji yenye dawa ya magugu wanachelewa kukua. Na wapo watafiti walioona kwamba mbu hao, wakishakuwa wakubwa, miili yao inashindwa kupigana na vimelea vya malaria."

"Si vizuri? Acha waugue."

"Mbu akishindwa kupigana na vimelea, vinazaana ndani yake, na ndiye anayetuletea malaria. Ila sikudanganyi, kijito chenu hakuna aliyekipima."

Kesho yake, ukingoni mwa maji, Akimana alivua bomba akaliweka chini. Msimamizi wao, Gilbert, mtu wa Bukavu, akaja mbio.

"Maman Akimana, iko nini? Pulizia!"

"Kule juu, mbali na maji, nitapulizia. Maji, hapana."

"Eish! Hii dawa iko ya majani, mbu inakuhusu nini? Na hapa Durban malaria haiko!"

"Hata mimi sikuwako Durban, Gilbert. Nilifika."

Wenzake wakacheka. Akimana akaligeuza dumu la dawa, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni.

"Soma kwa sauti."

Gilbert akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Maandishi yalikataza dawa kuingia majini.

"Rudi nyumbani," akasema. "Usije mpaka nikuite."

"Uniite ukishapata fyekeo."

Alikaa siku kumi na moja bila kazi. Kanisani walimshauri akaombe msamaha. Mkimbizi, walisema, hachagui kazi. Akawajibu kwamba Uvira alizika watoto wawili wa dada yake waliouawa na malaria, na msamaha hamwombi mtu.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. "Fyekeo iko," Gilbert alisema, akakata.

Sasa Akimana na wanawake wawili wanafyeka ukingo kwa mkono. Mgongo unamuuma kuliko enzi za bomba, na Gilbert hamsalimii. Ng'ambo ya kijito, kundi la kampuni nyingine bado linapulizia mpaka majini. Jumatatu iliyopita alivua viatu, akavuka kijito, akawauliza msimamizi wao ni nani.