Usaili wa Kaka

Kaka yangu alipanga madaraja ya tumbaku kwa miaka kumi na moja katika ghala la ushirika hapa Songea. Hakuwa akimtazama mtu usoni, na ukimgusa bega ghafla aliziba masikio akajikunja kama anayeumwa tumbo. Kule Lizaboni tulikokaa, watu walisema ana mashetani. Neno usonji nililisikia baadaye sana, yeye ameshazikwa.

Lakini jani la tumbaku alilijua. Alilinyoosha mezani, akalinusa, akaliweka kwenye daraja lake, na sikumbuki robota lake hata moja lililorudishwa. Msimamizi wake, mzee mpole asiyekosa misa ya kwanza, alimpa meza ya mwisho kabisa, mbali na mizani na kelele za wapakiaji. Kazi ikitaka kubadilika, alimwambia siku moja kabla. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo. Sikujua wakati ule kwamba maisha ya kaka yalimtegemea mzee huyo mmoja.

Soko huria lilipoingia, mnunuzi binafsi akachukua ghala. Mzee akastaafishwa. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisini, nikabakizwa. Meneja mpya, mgeni mjini, akatangaza kwamba kila mfanyakazi atafanyiwa usaili na nusu ya wapangaji wataondoka.

Zamu ya kaka ilipofika, alisimama mbele ya meza, wapakiaji wakipiga kelele dirishani. Meneja alimwuliza jina, kisha kwa nini anastahili kubaki. Kaka akatazama sakafu, akawa anakunja na kukunjua pindo la shati. Mimi nilikaa pembeni, naandika.

"Huyu ana akili timamu?" meneja akaniuliza.

Hakujua kuwa ni ndugu yangu. Ningeweza kumwambia ampe majani amwone. Nikafikiria kazi yangu, wanangu wawili, na aibu.

"Sijui, bosi," nikasema.

Kaka aliinua uso, akanitazama machoni. Sikumbuki mara nyingine aliyowahi kunitazama hivyo.

Orodha ya waliobaki niliichapa mwenyewe alasiri ile.

Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Mlinzi akamzuia getini, naye akasimama palepale mpaka watu walipotoka. Alifanya hivyo msimu mzima, mvua ikimnyeshea, nami kila asubuhi nilipita mbele yake bila kumwamkia. Mama alimbembeleza kwa Kingoni abaki nyumbani.

"Meza iko ndani," ndilo jibu alilompa kila siku.

Halafu hata hilo akaacha kulisema. Kifua kikambana, tukampeleka hospitali, akafa siku ya nne. Mama hakuniuliza habari za usaili mpaka naye alipofariki, nami sikumwambia.

Miaka mingi baadaye niliwekwa kwenye kamati ya kuandika taratibu za ajira za ofisi niliyohamia. Nikapendekeza kwamba anayeshindwa kujieleza kwa maneno apewe nafasi ya kuonyesha kazi kwa mikono, mahali patulivu, na ajulishwe mapema kitakachofanyika. Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti alisoma kipengele mara moja, kikapita, tukaendelea na likizo za uzazi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikainamisha kichwa magotini. Karani mmoja akaniletea maji, akaniuliza kama ni sukari imeshuka. Nikamwambia ndiyo.