Mkeka wa Matangani

Bi Wanu wa Kikwajuni alikuwa mshona mikeka, na mkeka alioutilia shaka haukuvuka kizingiti chake, hata uwe wa nani.

Miaka minne baada ya Mapinduzi, Time, mke wa mwanawe, mwenye mimba yake ya kwanza, alirudi Uroa kwenye matanga ya babu yake. Kule wanawake walilala chini kama ilivyo ada, katika nyumba kongwe ya udongo. Aliporejea Kikwajuni na mkeka wake kwapani, Bi Wanu aliupokea mlangoni, akaukung'uta kwa fimbo na kuuanika juani.

"Mama, kwetu si wachafu," alisema Time.

"Papasi ni kupe wa nyumbani, haulizi uchafu, mwanangu. Anauliza ufa wa kujificha. Usiku hutoka, akakunyonya usimsikie."

Haikupita muda, Time akashikwa na homa kali. Jirani yao, Bi Kurwa, alicheka: "Pepo wa Uroa kampenda!"

"Pepo gani asiyetaka hata ubani?" alijibu Bi Wanu.

Homa ikaachia kwa jasho. Time akainuka, akaketi juu ya mbuzi kukuna nazi. Bi Wanu akamnyang'anya nazi.

"Vaa buibui, twende hospitali."

"Mama, nshapona!"

"Borafya naye alisema hivyo hivyo."

Time akainuka, akafuta mikono. Jina la wifi yake marehemu, binti wa Bi Wanu, halikuwa likitajwa nyumbani humo.

"Homa ya papasi huondoka ikasahau viatu," Bi Wanu alisema taratibu. "Hurudi kuvifuata. Sisi tulipika pilau ya shukurani. Iliporudi, ilimchukua yeye na mimba yake."

Siku hiyo hospitalini damu haikuonesha kitu. Daktari akasema joto likirudi tu, waje hapo hapo. Bi Wanu akalitundika buibui la Time nyuma ya mlango, tayari. Joto lilirudi asubuhi moja. Chai haijachemka, wao washafika. Mara hii wadudu walionekana kwenye damu, na Time akapigwa sindano.

Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu. Alipopata miezi mitatu, Bi Wanu alimchukua Time hadi Uroa, akakusanya udongo na kuanza kuziba nyufa za nyumba ile.

"Mkwe wa mjini kaja kutukandikia!" wanawake walimcheka.

"Chekeni, lakini leteni maji."

Time akamlaza mwanawe juu ya kitanda cha kamba, mbali na ukuta, akashika ndoo.