Sauti Asilia

Mke wa marehemu kaka yangu ni fundi wa mapazia, na mkono wake hauna mchezo. Akikukatia pazia, hata dirisha lililopinda litaonekana limenyooka. Mimi ni wifi yake, kwa hiyo kazi yangu ni kumtafutia kasoro, na miaka yote hii nimeambulia moja tu: hapendi kuuliza.

Kaka tulimwita Mtangazaji. Mama yetu alipopoteza macho, kila filamu aliyoipenda Mama, kaka aliinakili kwenye diski nyingine, akaongeza sauti yake mwenyewe akimweleza Mama kila kinachopita: nani kaingia, kavaa nini, nani anadanganya. Na utani aliuchomekea humohumo. "Mama, huyu bwana ana kitambi kama cha baba mdogo, halafu eti ndiye mwizi anayewashinda polisi mbio!" Mama alikuwa akicheka hadi anajifuta machozi. Ulibonyeza tu sauti ya pili kwenye rimoti, na Mtangazaji alikuwa nawe.

Alipokufa, haukupita muda mashine ya diski nayo ikamfuata. Mama hakulalamika. Alianza tu kutuuliza kila tulipomletea chai, "Mtangazaji hajambo?" Hakuwa amechanganyikiwa. Alimaanisha zile diski, na alijua kwamba tunajua. Swali lile lilinitia baridi, nikawa natafuta sababu ya kutoka chumbani.

Ndipo wifi akaamua kuzihamishia diski zote kwenye kompyuta, ili Mama asikilize kupitia runinga ya sebuleni bila diski yoyote. Aliiweka kompyuta kando ya cherehani; huku anapinda mapazia, huku anabadilisha diski. Zilizokwaruzika alizipaka dawa ya meno, akazifuta taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, kama anayemfuta mtoto uso. Nikagundua sauti ameizima kabisa.

"Wifi, mbona filamu zako bubu?"

"Nikimsikia nitashona vidole, wifi. Niache kwanza nimalize."

Siku hiyo sikumtania.

Alipomaliza alizitunga diski kwenye kamba, akazitundika bustanini kufukuza ndege waliokuwa wakimaliza mboga. Nani angemlaumu? Diski iliyokwisha kazi ndiyo kazi yake hiyo. Tukawa tunamngoja fundi aje kuunganisha runinga, naye kila siku yuko njiani. Wiki zikapita, diski zikigongana upeponi, na mwanga wake ukipitapita ukutani juu ya kitanda cha Mama mchana kutwa. Mama haoni, lakini mara nyingine aligeuza uso kuufuata. Nilimwambia wifi wazi kwamba nyumba ile inanitisha.

Hatimaye fundi akaja, nasi tukamkalisha Mama sebuleni. Filamu ikaanza: muziki, milango, watu wakibwata lugha yao. Mama akainamisha kichwa, akingoja. Tukangoja naye. Kaka hakusikika.

"Amekataa kuja?" Mama akauliza.

Wifi akabonyeza rimoti, akabonyeza tena. Sauti ya pili haikuwepo. Akafungua filamu nyingine, na nyingine, mambo yaleyale.

"Kompyuta iliniuliza," akaninong'oneza. "Ikasema, nibakize sauti asilia tu? Nikakubali. Wifi, sauti asilia ya nyumba hii si ni yake?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu alizaliwa palepale mbele yetu. Tulikimbia bustanini. Jua lilikuwa limezichubua diski, na waya wa uzio umezikwangua. Tulizifuta kwa dawa ya meno hadi ikaisha, na kompyuta ikazitema moja baada ya nyingine. Mama alikaa vilevile kwenye kiti chake, hataki chai.

Jioni, diski moja ikakubali. Picha iliganda runingani kwenye mlango uliofungwa, lakini sauti ilitoka safi, karibu mno.

"Mama, subiri," kaka akasema.

Kisha diski ikakwama. "Mama, subiri. Mama, subiri. Mama, subiri."

Wifi akaziba masikio. Mimi nikalia bila aibu, nikainuka kwenda kuizima, maana sikuweza kuvumilia kumsikia ndugu yangu akiteseka namna ile.

"Msimzime," Mama akasema. "Keshasema nisubiri."

Akakaa wima, mikono mapajani, uso kauelekeza kwenye sauti. Wifi akamtazama, kisha akashusha mikono yake polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe tangu tumzike.