Jogoo Aliyepanda Basi Mara Tatu

Kipkosgei alikuwa kondakta wa basi la Boito kwenda Kericho, na jamani, mtu huyo alijisikia! Shati la kaki limenyooshwa kwa pasi ya makaa, kalamu mbili mfukoni, mikono laini isiyojua kuchuma chai. Kila asubuhi alining'inia mlangoni akawapigia kelele akina mama waliozama kiunoni katika chai: "Mawili na chipukizi, mama! Mawili na chipukizi!" Ndivyo chai huchumwa, majani mawili na chipukizi lake, naye alicheka mpaka kona inayofuata.

Mwaka wa tisini na nne kicheko kikapungua. Mwenye basi, Mzee Mbuthia wa Kericho mjini, aliwahi kuwa na mabasi saba. Sasa yalibaki mawili. Dizeli ilikuwa imepanda, vipuri havishikiki, na matatu zilimnyakulia abiria mchana kweupe. Basi mzee akaanza kupunguza. Akafuta karani, akafuta fundi, akafuta hata sabuni ya kuoshea basi, Kipkosgei akawa analisugua kwa majivu. Mwisho akatoa neno.

"Alhamisi napanda mwenyewe kutoka Boito. Nataka kuona watu wakiingia kila kituo. Nisipowaona, hiyo njia nafunga, na wewe unaenda nyumbani."

Alhamisi! Mtu wa mjini angejuaje? Alhamisi ndiyo siku lori la kiwanda hupita kuchukua majani njia ile yote. Siku hiyo hata mgonjwa huchuma kwanza, hospitali baadaye. Basi hubeba dereva Johana, Kipkosgei na nzi. Naye Kipkosgei alikuwa na watoto watatu shuleni, na hakuwa na hata mche mmoja wa chai. Aliogopa, tusifichane.

Jumatano alikimbilia kwa Chelangat, kiongozi wa akina mama wa kanisa, bibi wa miaka sitini aliyepeleka maziwa Kericho kila Ijumaa.

"Kogo, niokoe," alisema, akimwita nyanya kwa Kipsigis, na sauti yake siku hiyo haikuwa na kelele hata kidogo.

Mpango wake ulikuwa huu. Barabara ya Boito huzunguka mlima wote, lakini kijia cha miguu kinakata moja kwa moja katikati ya chai. Akina mama kumi na wawili wapande Boito, washukie mlango wa nyuma kituo cha pili, wakate kijia, wabadilishe vitambaa vya kichwa na mizigo, kisha wapande tena kituo cha mbele kama wageni. Mzee atakuwa amekaa karibu na dereva, hataona ya nyuma.

"Na majani yetu nani atachuma?" Chelangat aliuliza.

"Nitakuchumia mimi, kogo!"

"Siku ngapi?"

"Hata zikiwa ngapi!"

"Haya. Umesema wewe."

Alhamisi mambo yakaenda sawa. Boito, wakaingia kumi na wawili. Mzee Mbuthia akatabasamu. Huko mbele wakaingia wengine kumi na wawili, wanahema kidogo, akatabasamu zaidi. Mara ya tatu Chelangat alipopita kando yake, jogoo mwekundu aliyekuwa kwapani kwake akawika sikioni mwa mzee.

"Simamisha gari!" Mbuthia aligeuka. "Haiya! Huyu jogoo namjua. Ni mara ya tatu ananiangalia."

Kipkosgei alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, si ulipanda Boito?"

"Nilipanda," Chelangat akajibu bila kupepesa. "Nikashuka, nikakata huku kwa chai, nikakungoja. Na nimengoja sana, mzee. Hili gari lako linatembea kama limelazimishwa."

Johana akaangukia usukani kwa kicheko. Mbuthia akajikaza, lakini tumbo lake likaanza kutikisika, akashindwa.

"Mzee, umekuja siku ya majani," Chelangat akaendelea. "Leo hata askofu angepanda peke yake. Laza gari Alhamisi, uokoe dizeli. Halafu njoo kesho, uone kama utapata mahali pa kukaa."

Ijumaa Mbuthia alikuja, akasimama kutoka kituo cha Mogogosiek mpaka Kericho, kibuyu cha mtu cha mursik, maziwa ya mgando, kikimchoma mbavu. Aliposhuka alisema njia haitafungwa. Kipkosgei akaruka kama mtoto, machozi yakimtoka.

"Lakini Alhamisi basi linalala," mzee akaongeza. "Na wewe Alhamisi huna mshahara."

"Usijali, mzee," Chelangat akasema huku akishusha mitungi yake ya maziwa. "Alhamisi ako na kazi kwangu. Tulishaelewana."

Alhamisi iliyofuata Kipkosgei alikuwa kiunoni katika chai, kikapu mgongoni, kaki imelowa umande, vidole vimegeuka rangi. Mgongo ulimuuma, roho ikamuuma zaidi.

"Kogo," akauliza, "niliwaambia wote mbadilishe mizigo. Wewe ukarudi na jogoo yuleyule mara tatu. Kwa nini?"

Chelangat hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa tayari mistari miwili mbele.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuchuma Alhamisi," alisema. "Mawili na chipukizi, kijana. Mawili na chipukizi."