Kompyuta Mbili Zisizoamkiana

Leo nimeumbuka mbele ya kompyuta mbili.

Ofisi ya ushirika wetu hapa Mabwerebwere ina kompyuta ya zamani inayokaribia kufa. Ndani yake ndimo ilimo nakala pekee ya majina ya wanachama tangu enzi za ujamaa, bibi yangu akiwemo. Niliitwa niyahamishie kwenye kompyuta mpya.

Waya nimechomeka, taa zinawaka, lakini kimya. Kila moja ina itifaki yake, yaani kanuni zake za kuzungumza na nyingine.

Nikamweleza mzee katibu: "Hii inasema shikamoo, ile haijui kuitikia marahaba."

"Kama wewe asubuhi," akasema. "Umenipita mlangoni kama unapita nguzo."

Kweli. Ni aibu tu jamani, si jeuri. Nikamwamkia hapo hapo, nimechelewa saa tatu nzima.

"Marahaba. Sasa hapo, kati ya hizo mbili, unamfundisha nani?"

"Ya zamani, ijue lugha ya mpya. Inagoma."

"Mdogo ndiye anayeamkia, binti."

Nikageuza. Nikaiwekea mpya itifaki ya zamani.

Majina yakaanza kuingia. La bibi nimeliona kwa macho yangu.

Kama nimewahi kukupita bila salamu, andika hapa chini nikuamkie.